Gari Lililopiga Mluzi Mangobo

Mangobo nzima, mjini Kisangani, ilikuwa inalijua. Kijigari chenyewe kidogo, Starlet nyeupe, usukani upande wa kuume kama magari mengi yaliyoingia kwa njia ya Kampala na Bunia, ukikitazama hukipi hata salamu. Lakini kikishaliacha soko, Jean-Paul akikanyaga, turbo inashika upepo, na hapo unasikia: fiiiii! mrefu, mwembamba, halafu chu! anapobadilisha gia. Watoto waliokuwa wanacheza mpira barabarani walipisha kabla hawajaliona. Na nyumbani kwake, mke wake, Mama Yolande, aliacha lolote alilokuwa analifanya, akachota maji kwenye beseni, akaweka kipande cha sabuni kando, akasimama mlangoni pa lupango, ua wa nyumba yao. Jean-Paul akishuka na mikono yake ya oili anakuta maji yanamngoja. Miaka na miaka, hivyo hivyo, na hakuna aliyemwagiza.

Halafu Jean-Paul akafa. Homa tu, wiki moja, basi.

Papa Émile, rafiki yake, aliyelishika gari lile pamoja naye tangu siku lilipofika, alilifunika turubai nyuma ya nyumba yake na hakuligusa tena. Na kwa Mama Yolande hakukanyaga tena. Watu wakasema, tazama Papa Émile, moyo wake mgumu kama jiwe, rafiki amezikwa na yeye hata kusalimia mjane hasalimii. Wapi! Moyo wake ulikuwa mwepesi kupita kiasi, hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Kila alipofika kona ya nyumba ile miguu ilikataa, akageuka, akajifanya amesahau kitu sokoni.

Ikabidi Mama Yolande aje mwenyewe. Alikuja asubuhi, amevaa nguo zake nyeusi za mwaka mzima, akakataa kiti.

"Papa Émile, Jumamosi natosha matanga, navua nguo ya kilio," alisema. "Ndugu za Jean-Paul banatoka Isangi na botu. Tutaenda kwa makaburi, tutarudi, nitavaa liputa ya mupya, bantu batakula. Kila kitu iko tayari. Mi nakuja kukuomba kitu moja tu."

"Sema, Mama."

"Nataka kusikia ile gari. Mara moja. Nikuwe kwa lupango, niisikie inatoka kule kwa soko, mbele ya kuiona. Kisha nitaacha kumungoja. Juu mi niko namungoja mpaka leo, Papa Émile. Kila saa ya jioni. Ni haya kusema, lakini ni vile."

 Émile alitaka kusema gari limekufa, rudi nyumbani, pole. Ulimi ukamponyoka, akajisikia anasema: "Utaisikia."

Ah, Émile! Alipofunua turubai alishika kiuno. Panya walikuwa wamezaa ndani ya viti na kula nyaya zote za mbele. Na kile kisanduku kilicho chini ya dashibodi, kompyuta inayoiambia injini imwage esansi, yaani petroli, kiasi gani na iwashe moto saa ngapi, kilikuwa kimeingiwa na maji ya mvua na kuota kutu hadi tumboni. Kilichobaki salama ni chuma tu. Aliingiza mkono nyuma ya injini, akapapasa, akaipata valvu. Nayo ilikuwepo. Akashusha pumzi.

Hiyo valvu ina habari yake. Baada ya vita, mji wa Kisangani ulibaki na magari ya kuhesabu, watu wakabebwa na toleka, baisikeli zenye godoro dogo nyuma la kukalia abiria. Émile na Jean-Paul walikuwa vijana wa toleka, mapaja yao magumu, nyimbo mdomoni, na Émile mpaka leo akiwaza raha anawaza miaka ile, ajabu ya Mungu, miaka ya kula mara moja kwa siku. Starlet ilipowafikia, mkononi mwa mfanyabiashara aliyechoka nayo, Jean-Paul akaipa kazi moja: kuwakimbiza uwanja wa ndege wa Bangoka wasafiri waliochelewa. Mtu amelala, mtu ameaga mno, ndege inawasha injini, anakimbilia Mangobo kumwita Jean-Paul. Sasa kazi ya namna hiyo inadai nguvu. Turbo, jinsi ilivyotoka kiwandani, inapuliza upepo ndani ya injini mpaka kiasi fulani, halafu kikono kidogo kinafunguka kuituliza. Kikono chenyewe kinaamshwa na upepo unaopita kwenye mpira mwembamba. Jean-Paul akaukata ule mpira, akachomeka katikati valvu aliyoing'oa kwenye tairi la toleka yake, akailegeza ivujishe upepo kidogo. Kikono kikawa kinachelewa kuamka, turbo ikaendelea kupuliza, na kijigari kikaruka. Ule upepo uliokuwa unavuja ndio uliokuwa unapiga mluzi. Alikaa siku nzima anazungusha na kusikiliza, anazungusha na kusikiliza, mpaka akasema hapo, akaitia alama nyekundu isije ikahama.

Basi kulikuwa na mtu mmoja tu mjini wa kulifufua gari lile kabla ya Jumamosi, naye ni Benie, binti wa Jean-Paul mwenyewe. Alikaa Kampala miaka mingi akijifunza kazi hiyo ya kuandika upya kompyuta za magari. Alirudi kumzika baba yake, akabaki, akafungua karakana katika commune iitwayo Kisangani kama mji wenyewe, kando ya njia ya Bangoka. Émile akampigia simu.

"Leta, Papa," Benie alisema. "Nitaweka kompyuta ya mupya na nitaiandikia ramani yake mwenyewe. Itakimbia kushinda wakati wa papa, utaona. Lakini ile bricolage yenu yote, bile bimipira na biwaya mulifunga-funga, nitatupa. Sawa?"

"Sawa," alisema Émile.

Akakata simu, akaenda moja kwa moja kuificha valvu. Aliisogeza chini kabisa, mahali mpira unapopita nyuma ya ukuta wa injini, akaizungushia utepe wa mpira wa ndani wa baisikeli, juu yake grisi, juu ya grisi vumbi. Ukiangalia huoni ila mpira mchafu wa kizamani. Hakujiuliza mara mbili. Kuitupa valvu ile kwake ilikuwa kumzika Jean-Paul mara ya pili, na mara ya kwanza ilimtosha.

Wakalivuta gari kwa kamba mpaka kwa Benie. Yeye alilizunguka, akaugonga-gonga mlango, akacheka peke yake. Sura ya baba yake tupu, hata ule mtindo wa kuinamisha kichwa anaposikiliza injini. Émile alikaa kwenye tairi kuukuu na kumtazama akifanya kazi, na moyo wake ulikuwa unamuuma na kufurahi kwa wakati mmoja. Benie alifunga nyaya mpya. Alifunga kompyuta yake mpya, na pembeni yake kikufuli cha umeme cha kukiongoza kile kikono cha turbo. Aliweka radieta kubwa ya kupoza upepo. Kisha akafungua laptop juu ya boneti, na likatokea jedwali la namba, safu juu ya safu, kijani, njano, nyekundu.

"Hii ndiyo ramani," akaeleza. "Hapa esansi. Hapa moto. Hapa nguvu ya upepo. Naandika pole pole juu ya hii esansi yetu ya kadhafi, ile ya machupa kando ya njia. Haina maana. Ukiiwashia moto mapema, injini inagonga, unapasua pistoni."

"Baba yako alikuwa anasikia kwa masikio."

"Najua, Papa. Na mara ngapi alipasua?"

Émile alijua. Mara mbili, lakini hilo si la kumwambia mtoto.

Benie aliufuata ule mpira mwembamba kwa kidole, kutoka kwenye kikufuli chake kipya kuelekea chini, akakomea pale mkono usipofika. Akamtazama Émile.

"Papa Émile, kwa hii mupira hakuna kitu kingine? Juu mi naiacha kama iko, siku iko inaisha."

"Hakuna," alisema Émile.

Uongo mweupe pe, mbele ya mtoto aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule. Benie akasema bon, akafunga boneti.

Ijumaa mchana wakatoka kwenda kulijaribu kwenye lami ya Bangoka. Émile alishika usukani, Benie kando yake na laptop mapajani. Na loo, kijigari kiliitika! Kiliwaka mara moja, kikanguruma sawasawa, na walipofika mahali peupe Benie akasema haya, Papa, kanyaga malembe, taratibu. Émile akakanyaga. Mluzi ukatoka. Uleule! Machozi yakamjaa Émile bila ruhusa yake. Alimwona Jean-Paul pale kama alivyokuwa, kiwiko nje ya dirisha, abiria nyuma ameshika begi na anasali. Akakanyaga zaidi.

"Bado, Papa," Benie alisema. Halafu sauti ikabadilika. "Eh. Inapanda. Mi sikuomba hii. Papa, inapanda sana."

Émile alikuwa hamsikii, alikuwa anasikia mluzi.

"Toa muguu! Papa Émile, toa muguu!"

Ndipo alipousikia mlio mwingine chini ya ule mluzi, mkavu, kakakaka, mtu anagonga misumari ndani ya injini. Akautoa mguu kana kwamba pedali ina moto. Gari likajikokota hadi kando ya njia, mbele ya meza ya kadhafi mmoja aliyekuwa amepanga machupa yake ya esansi, na mwenye meza akasogeza machupa mbali, akili yake timamu.

 Benie akaifunga laptop.

"Sekunde moja tena, tungekuwa tunaokota injini kwa njia," alisema. "Kesho mama yuko anangoja. Papa Émile, unanificha nini?"

"Mi sikufichi—"

"Papa Émile!"

Alishuka, akafungua boneti, akavua fulana ya kazi akajifunga mkononi kwa sababu ya joto, akalala kifudifudi juu ya injini na kuingiza mkono wote hadi begani. Émile alibaki amesimama nyuma yake kama mwanafunzi aliyekamatwa. Alimwona akiupata ule utepe. Alimwona akiubandua, mzunguko baada ya mzunguko, huku anatukana kwa Kilingala maneno ambayo Jean-Paul asingependa kuyasikia. Kompyuta ya Benie ilikuwa inakichelewesha kikono kwa hesabu, na valvu nayo ilikuwa inakichelewesha kwa siri. Kikono hakikuamka kabisa, na turbo ikapuliza mpaka ikataka kupasuka.

"Valvu ya kinga, ya baisikeli," Benie alisema, ameinuka, ameishika kwenye kiganja. Alikuwa amekasirika kweli kweli, mshipa umemsimama shingoni. "Ya kinga! Juu ya hii kitu kidogo hivi ulitaka kutuua? Ungesema! Mi ningekula weye?"

"Ungeitupa," alisema Émile. "Ulisema utatupa yote. Ile ni kitu yake, Benie. Kwa gari yote, ile tu ndiyo alitengeneza peke yake, mi sikumusaidia. Na sauti inatoka pale. Mama yako aliomba sauti, hakuomba nguvu. Nikaogopa. Namukosa, mwanangu. Kila siku namukosa."

 Benie alikuwa anaifuta valvu kwa kidole gumba, grisi inatoka, na chini ya grisi kukatokea mstari mwekundu. Akaukwaruza kwa ukucha. Akauleta karibu na macho.

"Papa Émile. Hii ni rangi gani?"

"Alama. Isihame."

"Ni rangi ya kucha." Macho yalimtoka. "Ni rangi ya kucha ya mama! Ile ilikuja na batu ba Kinshasa, kichupa hivi, mama aliiweka juu ya kabati. Siku moja ikaisha. Mama akasema ni mi. Nilikula fimbo, Papa Émile! Nililia siku muzima, naapa si mi, na huyu baba alikuwa amekaa pale na anakula lituma yake ya ndizi, kimya!"

Émile akamtazama. Benie akamtazama Émile. Nani aliyeanza, haijulikani, lakini wakaangua kicheko, wakacheka wakashikilia gari wasianguke, na kadhafi wa watu akazidi kusogeza machupa yake. Walicheka mpaka kile kicheko kikageuka upande wa pili, Benie akakaa chini kwenye majani na valvu mkononi akalia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Émile akakaa karibu naye. Akamwekea mkono mgongoni.

Baadaye wakaunganisha mpira bila valvu na kujaribu tena. Gari lilikimbia, msiulize. Liliwabana migongo kwenye viti, halikugonga, halikukohoa, nguvu ambayo Jean-Paul hakuwahi kuiota. Na lilikuwa kimya. Upepo wa dirishani tu.

"Iko nzuri," alisema Émile, na alisema kweli.

 Benie aliliendesha yeye safari hii, akaenda, akageuza, akarudi, kichwa kimeinama upande. Mwisho akasimama.

"Mi pia nilikuwa naisikia," alisema. "Nikifanya devoir ya shule kwa mukeka. Nikiisikia nilijua nikimbie kuficha sahani chafu." Akaugonga-gonga usukani kwa vidole. "Bon. Kwa ile mupira ndogo haiwezi kurudi, itatuua. Lakini juu ya lile bomba kubwa la upepo, kama natoboa tundu kidogo na naikaza pale, itavuja upepo kidogo tu, bule. Haitaongoza kitu. Itaimba tu. Na ile upepo inapotea naiandika kwa ramani, injini isishangae."

"Itatoa sauti ileile?"

"Sijui, Papa. Utasikiliza weye. Mi masikio yangu ilikuwa ya mutoto."

Wakarudi karakana, wakatoboa, wakaikaza. Benie akawa anaizungusha valvu kwa koleo, robo ya robo, anatoka kwenda barabarani anakanyaga, anarudi. Émile amesimama kando ya njia amefumba macho. Nene mno. Hapana, sasa inalia kama birika. Rudisha. Wapita njia wakadhani mzee anasali, wengine wakavua kofia. Jua lilikuwa linashuka upande wa mto alipoinua mkono.

"Hapo," alisema. "Usiguse tena. Ni yeye."

Jumamosi msafara ukatoka makaburini, pikipiki mbele na nyuma, jamaa wa Isangi wamejazana kwenye lori la kukodi na nyimbo zao. Mama Yolande alikuwa ametangulizwa nyumbani kuogeshwa na kuvikwa. Émile alimpa Benie ufunguo. Yeye mwenyewe akaenda kukaa kushoto, mahali alipokuwa anakaa siku zote, wakati dereva alikuwa mwingine.

Walipofika sokoni Benie aliomba pikipiki zisimame na zizime. Zikazima. Lori likazima, nyimbo zikakatika. Kukawa kimya ambacho soko la Mangobo halikijui mchana.

"Tayari, Papa?"

Émile akaitikia kwa kichwa.

Benie akakanyaga. Fiiiii! ukatoka, mrefu, mwembamba, ukapita juu ya mabati ya nyumba, na akina mama wa sokoni wakageuka wote pamoja, mmoja akajishika mdomo. Watoto, hata wale waliozaliwa juzi, wakapisha. Chu! Gia ya pili, na mluzi ukaanza tena, ukawapeleka mpaka kwenye kona ambapo miguu ya Émile ilikuwa inakataa. Kona ikapita.

Mama Yolande alikuwa amesimama mlangoni pa lupango, amevaa liputa yake mpya nyekundu. Mikononi alikuwa ameshika beseni la maji, na juu ya ukingo wa beseni kipande cha sabuni. Wanawake waliomvika walikuwa nyuma yake, wamepigwa na butwaa, mmoja bado ameshika kitambaa cha kichwa alichokuwa hajamaliza kumfunga.

Gari likasimama. Yolande alikuwa anautazama mlango wa kuume. Ukafunguka, akashuka Benie. Yolande akautazama uso wa binti yake, halafu akainamisha macho akaliona beseni, kana kwamba ni mtu mwingine aliyemtwisha.

"Nimechota maji," alisema polepole. "Nimesikia, nikachota. Sijui nimechota ya nani."

Mikono ya Benie ilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko, kwa sababu asubuhi ile alishindwa kujizuia, akaikaza tena mipira yote. Akapiga hatua, akaizamisha ndani ya beseni.

"Ya mie, Mama," alisema.

Akaosha, pole pole, sabuni inapita kidole kwa kidole, na maji yakawa meusi. Mama yake alilishikilia beseni kwa nguvu lisimwagike, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta, maana mikono haikuwa na nafasi. Halafu Benie akamwinamia sikioni, lakini Émile alisikia.

"Na ile rangi ya kucha, Mama. Ilikuwa yeye."

"Nilijua," alisema Yolande. "Jioni ileile nilijua, ilikuwa kwa vidole vyake, nilimwosha mi mwenyewe. Sasa ningemuchapa yeye namna gani?" Na akacheka, cheko lake la zamani, ambalo lupango ule haukulisikia mwaka mzima.

Émile alikuwa bado amekaa garini. Injini ilikuwa imezimwa, inatoa vile vilio vidogo vya chuma kinachopoa. Aliwaza akae hapo mpaka watu waingie, halafu aondoke taratibu kwa miguu, kama desturi yake.

"Na weye, Papa Émile!" Yolande aliita. "Umengoja mwaka muzima kwa kona, unafikiri sikukuona? Shuka. Lituma inapoa."

Akashuka. Maji yalikuwa meusi tayari, lakini alinawa humohumo, akaingia ndani.